Ukurasa wa 31

Wadada wengi hunitafuta kuniuliza mwekezaji anapatikanaje. Wanaouliza wataishi naye vipi wakishampata ni wachache, na walioniuliza ilikuwaje nikatolewa kwenye kampuni niliyoianzisha mwenyewe hawafiki watano, nadhani kwa kuona haya. Basi naandika bila kuulizwa. Sitataja jina la kampuni wala la mtu yeyote. Baadhi yao tunasalimiana vizuri hadi leo, na wengine tulisaini makubaliano ya kutosemana.

Kabla ya yote nilikuwa mwandishi wa programu wa kuajiriwa, mwanamke peke yangu katika chumba cha watu tisa. Hawakuwa watu wabaya. Ila kila kikao kilipoanza, daftari la muhtasari lilisukumwa upande wangu, hata kama mada ilikuwa sehemu ya mfumo niliyoiandika mimi na hakuna mwingine mle ndani aliyeielewa. Niliandika mihtasari ya watu kwa miaka minne. Nilipata faida moja: nilijua nani alisema nini na nani aligeuza kauli. Nilipata na hasara yake, nayo ni tabia ya kuinamia daftari pale ambapo ningepaswa kuinua mkono na kusema, "Hapo sijaelewa."

Wazo la biashara lilinijia tulipotumwa kufunga kompyuta kwenye duka kubwa la dawa. Nilimkuta mfamasia ameketi sakafuni katikati ya maboksi, daftari mapajani, kalamu nyekundu ameishika kwa meno. Anaokota boksi, anasoma tarehe ya mwisho ya matumizi, ananukuu, na ile inayokaribia anaizungushia duara jekundu. Nikamuuliza kazi hiyo huifanya mara ngapi.

"Kila mwezi, siku mbili nzima," akasema. "Na bado zinanipita."

Akanionyesha pipa la dawa zilizokwisha muda, zinasubiri kwenda kuteketezwa. Lilikuwa limejaa hadi mfuniko haufungi.

Wiki hiyohiyo nikaanza kuandika programu usiku. Unaingiza dawa kwa namba yake ya toleo na tarehe yake, mfumo unakuambia utoe ipi kwanza, na unakuonya miezi mitatu kabla. Hesabu yake haina ajabu yoyote. Ajabu ni kwamba watu wengi kiasi hicho walikuwa bado wanategemea duara jekundu.

Nilimwalika mwenzangu wa ofisini tuanze pamoja. Mimi naandika, yeye anauza. Alikuwa na mdomo wa kuuza hata kivuli. Tulikubaliana nusu kwa nusu, kwa maneno, huku tukicheka. Kwenye usajili tukaandika hisa 1,000,000, kila mmoja 500,000, tukasaini. Swali la mmoja wetu akiondoka lilinijia palepale mezani, kalamu ikiwa mkononi. Nikalimeza. Niliona nikiuliza nitaonekana simwamini.

Mwezi wa saba tangu tuanze alipata kazi yenye mshahara wa uhakika. Mkewe alikuwa mjamzito, na sisi tulikuwa hatujalipana hata mara moja. Sikumlaumu kwa kuondoka, na simlaumu sasa. Lakini aliondoka na nusu ya kampuni. Miaka miwili iliyofuata, kila saa niliyokesha ilikuwa nusu yangu na nusu ya mtu aliyelala kwake. Mwishowe nilinunua hisa zake 300,000, kwa fedha ambayo ingelipa waandishi wawili wa programu mwaka mzima. Nikabaki na 80 kwa mia, yeye 20.

Dawa ya ugonjwa huu inajulikana na si ghali. Hisa za waanzilishi huwekwa ziive polepole, yaani zinakuwa zako kadiri unavyoendelea kukaa. Utaratibu uliozoeleka kwenye kampuni za teknolojia ni miaka 4: ukiondoka kabla ya mwaka kutimia hupati kitu, mwaka ukitimia robo inaiva, na zilizobaki zinaiva mwezi kwa mwezi. Kwa utaratibu huo, mwenzangu wa miezi saba angeondoka mikono mitupu, au na kile ambacho tungekubaliana kwa hiari. Andikeni mapema, wakati bado mnapendana, maana mkishagombana hakuna atakayekubali kuandika. Siku hiyohiyo andikeni pia kwamba kila mstari wa programu unaoandikwa ni mali ya kampuni. Kwenye nchi nyingi, mtu asiye mwajiriwa wako akikuandikia programu, haki inabaki kwake mpaka asaini kukuhamishia. Sisi tulikuwa na rafiki aliyetuandikia sehemu ya ripoti mwanzoni kabisa. Miaka minne baadaye mawakili wa mwekezaji waliitaka saini yake, naye, baada ya kufikiri kidogo, akaitajia bei.

Mwaka wa tatu tulikuwa na wateja 40 na wafanyakazi sita, na hapo ndipo nilipojifunza tofauti ya kuwa na bakapu, yaani nakala ya akiba, na kudhani unayo.

Ilikuwa Jumamosi. Diski ya seva moja ilikufa, nami nikawaambia wateja kwa kifua mbele kwamba tuna bakapu. Na kweli kila usiku saa nane kulikuwa na kiprogramu kinachonakili hifadhidata nzima na kuandika "imekamilika". Kijana wetu wa seva akafungua faili la usiku uliopita. Ukubwa wake ulikuwa sifuri. La usiku wa kabla yake, sifuri. Nilisimama nyuma ya kiti chake, mikono kwenye egemeo, yeye akibofya na mimi nikisoma tarehe kwa sauti, na kila tarehe ilijibiwa na sifuri, mpaka tukafika siku ya 9 nyuma ndipo tukaona namba. Siku ile tulikuwa tumebadilisha nywila ya hifadhidata, na hakuna aliyekumbuka kukiambia kile kiprogramu. Kikawa kinagonga mlango, hakifunguliwi, kinaandika faili tupu, kisha kinaripoti kwa uaminifu kabisa kwamba kimekamilisha.

Sikuwahi kumuuliza kijana yule kama amejaribu kurejesha. Niliona ni kumdharau, mtu na fani yake.

Wateja 22 walikuwa kwenye seva hiyo. Niliwapigia mmoja mmoja mwenyewe, na nashukuru nilifanya hivyo badala ya kutuma barua pepe ya jumla, ingawa ile simu ya kumi na kitu niliipiga nikiwa nimekaa sakafuni kwa sababu miguu ilikataa. Siku tatu zilizofuata sote sita tulitawanyika kwenye maduka ya wateja kuingiza risiti za siku tisa kwa mkono. Nilikwenda kwa yule mfamasia wa kwanza nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Akafungua droo, akatoa daftari. Maduara mekundu hadi ya jana. Hakuwa ameliacha hata siku moja, miaka yote mitatu.

"Sikukwambia," akasema, "nisije nikakuvunja moyo."

Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, ila hatukuwahi kulifungua tuone kama lina maandishi. Tangu hapo, kila mwezi tarehe moja, tulikuwa tunachukua bakapu, tunairejesha kwenye mashine tupu, na mtu ambaye si mtu wa seva anaifungua na kutafuta mauzo ya jana. Ilikuwa kazi ya saa moja. Wateja wanne waliondoka licha ya yote, na sikuwa na neno la kuwazuia.

Mwaka wa nne nikawa natafuta mtaji na nina mtoto mchanga, vyote kwa wakati mmoja. Siku hizo nilisoma habari za Stephanie Shirley, nikazishika kama hirizi. Alianzisha kampuni yake ya programu Uingereza mwaka 1962, kwa mtaji wa pauni 6, akaajiri wanawake waliolazimika kuacha kazi kwa kuolewa au kuzaa, wakawa wanaandika programu wakiwa nyumbani. Barua zake za kutafuta wateja zilikuwa hazijibiwi mpaka alipoanza kuzisaini "Steve". Simu ya mteja ikiingia, alikuwa akiwasha mkanda wenye sauti ya taipureta ili kelele za mtoto zisisikike. Wanawake wake walishiriki hata kuandika programu ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde. Mimi sikuwa na mkanda wa taipureta. Nilikuwa najifungia kwenye gari lililoegeshwa, vioo juu, nafanya mazungumzo ya mtaji kwa simu huku maziwa yamelowesha blauzi. Nilicheka mwenyewe kwamba miaka zaidi ya hamsini imepita na bado tunaficha sauti ya mtoto.

Kuhusu maswali ya wawekezaji, kuna jambo natamani ningelijua mapema. Mwenzako mwanamume anaulizwa, "Soko hili mtalifikisha wapi?" Wewe unaulizwa, "Wateja mlionao mtawazuiaje wasiondoke?" Nilidhani ni mimi tu, au ni sura yangu. Kumbe Dana Kanze na watafiti wenzake walichunguza maswali ya wawekezaji kwenye mashindano ya kampuni changa, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya maswali waliyoulizwa wanaume yalihusu kukua, na takriban theluthi mbili ya yale ya wanawake yalihusu kujikinga na hasara. Ukijibu swali la kujikinga kwa jibu la kujikinga, unatoka pale umekuwa mlinzi wa duka. Walioligeuza jibu likawa la kukua walipata fedha nyingi zaidi. Nilipoanza kulifanyia mazoezi jambo hili, mikutano ilibadilika. Nikiulizwa kuhusu wateja kuondoka, najibu kwa sentensi moja wangapi wameondoka na kwa nini, kisha palepale naeleza kila aliyebaki ameongeza maduka mangapi. Usikwepe swali, lakini usilale humo.

Kosa langu kubwa lilikuwa la kalenda. Nilianza kutafuta mtaji nikiwa na fedha za wiki tisa. Mazungumzo ya mtaji yanakula miezi, mara nyingi sita au zaidi, na mwekezaji ana pua. Anajua nani anachagua na nani anazama. Ukiweza, anza ukiwa na fedha za mwaka. Mimi nilifikishwa mahali ambapo mkataba ulikuja zikiwa zimebaki siku 9 kabla ya mishahara.

Ulikuwa na kurasa 58. Niliusoma usiku, kwenye simu, mtoto amenilalia kifuani, nasogeza kurasa kwa dole gumba. Nilisoma kwa makini zile mbili za kwanza, zenye thamani ya kampuni na kiasi cha fedha, maana ndizo nilizodhani ni mkataba. Ukurasa wa 31 nilikutana na maneno "hisa shirikishi". Nikaona neno tamu, nani hapendi ushirikiano? Nikasogeza. Wakili wangu alikuwa rafiki wa familia, mzuri sana wa kesi za ardhi, naye akaniambia lugha ya mkataba imekaa sawa. Wakili wa mwekezaji akasema, "Ni vifungu vya kawaida tu." Hakusema uongo. Havikuwa vigeni kwake, na vilikuwa vimeandikwa kwa ajili ya mteja wake.

Sasa nikueleze nilichosaini, kwa hesabu, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Kwanza asilimia. Nilikuwa na 80. Mwekezaji wa kwanza alichukua 25, na akataka itengwe 10 ya mfuko wa hisa za wafanyakazi, ikatwe kwetu kabla yeye hajaingia. Tuliokuwepo tukabaki na 65, na 80 kwa mia ya 65 ni 52. Nikapumua: bado nina zaidi ya nusu. Mwaka mmoja na nusu baadaye akaja wa pili, 20 zake na 5 za kuongeza mfuko wa wafanyakazi. Wote tukapungua kwa robo. Nikawa na 39. Bado mimi ndiye mwenye hisa nyingi kuliko yeyote, na nilijifariji kwa hilo kwa muda mrefu.

Faraja hiyo haikuwa na maana, kwa sababu mkurugenzi mtendaji haondolewi kwa hisa, anaondolewa na bodi. Na viti vya bodi viliandikwa kwenye mkataba, mbali kabisa na asilimia. Baada ya awamu ya pili vilikuwa vitano: changu, cha mkuu wetu wa teknolojia, cha mwekezaji wa kwanza, cha wa pili, na cha mtu huru. Huyo mtu huru alipendekezwa na wawekezaji. Nilimkubali kwa sababu alikuwa mpole na aliwahi kuongoza kampuni kubwa. Ukifikia hapo, hesabu viti kama unavyohesabu fedha. Jiulize: wakikubaliana wote ambao si watu wangu, wanazidi nusu? Wakizidi, kazi yako ni ya kuazima.

Halafu ile "shirikishi". Kampuni ikiuzwa, mwenye hisa za upendeleo zisizo shirikishi, zile wanazopewa wawekezaji ili walipwe kwanza, huchagua moja: arudishiwe fedha yake kwanza, au agawane kwa asilimia kama wengine. Mwenye shirikishi hachagui. Anarudishiwa fedha yake, kisha anakuja mezani tena kugawana kilichobaki. Tuseme wawekezaji waliweka 40 na kampuni ikauzwa 100. Wanachukua 40 kwanza, zinabaki 60, na hizo 60 tunagawana wote pamoja nao. Asilimia yangu 39 ya 60 ni 23 na kidogo. Bila neno hilo moja, wangechukua 40 zao na kuishia hapo, zile 60 tungegawana tuliobaki, nami ningepata kama 38.

Nilikuwa na nguvu ya kulipinga? Zikiwa zimebaki siku tisa, pengine sikuwa nayo. Lakini ningeweza kuuliza, na ningeweza kuomba waweke kikomo. Maneno hayo huwekewa kikomo mara nyingi tu, kwa mfano mwekezaji akishapata mara mbili ya fedha yake ushirikishi unakoma. Wakili anayefanya mikataba ya mitaji kila wiki angeniambia hilo kwa mazungumzo ya nusu saa. Niliona gharama yake ni kubwa.

Nisijifanye mtakatifu. Niliondolewa kwa sababu nilitoa sababu. Kampuni ilipofika watu 60 nilikuwa bado napitisha kila toleo la programu mwenyewe kabla halijatoka, na watu wangu wakawa wanasubiri mlangoni kama wagonjwa. Nilimfukuza mkuu wa mauzo kwa hasira siku ya Ijumaa, Jumatatu nikagundua kosa halikuwa lake. Na baya kuliko yote, mteja wetu mkubwa, ambaye peke yake alileta moja ya tano ya mapato, alitupa notisi ya kuondoka, nami nikaificha kwa bodi. Nilijiambia nitamrudisha kimyakimya kabla hawajajua. Nilikwenda kwake mara tatu. Hakurudi. Bodi ikaiona kwenye hesabu za robo mwaka, miezi miwili baadaye.

"Mteja kuondoka tungelivumilia," mwekezaji wa kwanza aliniambia, bila kupandisha sauti. "Kufichwa, hapana."

Habari mbaya ipeleke siku hiyohiyo, kwa simu, kabla hujajua utasema nini baada ya "tumempoteza". Hilo sikulisoma mahali.

Kikao chenyewe kilikuwa cha kawaida kabisa. Ajenda sita, ya mwisho ikiwa "Mengineyo". Tulipitia hesabu, tukapitia ajira, tukajadili hata viti vya ofisi. Tulipofika kwenye Mengineyo, yule mtu huru mpole akasafisha koo, akasema kuna pendekezo la mabadiliko ya uongozi. Mikono mitatu. Mkuu wa teknolojia aliinua wa kwake pamoja na mimi kupinga, akiangalia meza. Tatu kwa mbili. Nilitafuta kwa macho nani anaandika muhtasari, mazoea tu, nikaona hakuna anayeandika. Wakili alikuwa na karatasi mbele yake. Muhtasari ulikuwa umeshachapwa kabla ya kikao, na nafasi ya saini yangu imeachwa chini upande wa kulia.

Sikulia pale. Nililia siku ya nne, kwenye foleni ya magari, kwa sababu simu yangu ilikuwa imekaa kimya tangu asubuhi. Miezi sita sikulala vizuri. Mume wangu alinivumilia, ingawa kuna usiku aliniambia amechoka kuishi na kampuni isiyo yetu, na alikuwa na haki.

Katika miezi hiyo nilisoma kuhusu Sandy Lerner. Alianzisha Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao ya kompyuta, pamoja na Leonard Bosack mwaka 1984. Mwekezaji aliingia 1987, Februari 1990 hisa zikauzwa sokoni, na Agosti mwaka huohuo Lerner akafukuzwa. Bosack akaondoka naye, wakauza hisa zao zote. Sikufurahia yaliyompata, ila niliacha kudhani kwamba ni mimi tu niliyekuwa mjinga. Jambo ambalo waanzilishi wengi hatufanyi ni kujiandikia mkataba wa ajira. Unaona ni kampuni yako, utajiajirije? Mimi sikuwa nao. Niliondoka bila mshahara hata wa mwezi mmoja wa notisi, wakati dereva wetu alikuwa na notisi ya miezi miwili, kwa mkataba niliomsainia mimi.

Baadaye niliajiriwa kwenye kampuni kubwa kuongoza idara ya bidhaa. Safari hii nilikwenda na wakili wa kweli, nikaandikiwa notisi ya miezi sita, na hakuna aliyenuna. Kuajiriwa huko kulinifundisha ambacho kuanzisha hakukunifundisha. Nilijifunza kwamba uamuzi mkubwa haufanyiki ndani ya kikao. Unafanyika wiki moja kabla, kwa simu mbilitatu na maneno ya kwenye korido, na kikao ni cha kutia muhuri. Mimi nilikuwa naingia kwenye bodi yangu na slaidi nzuri, sijazungumza na mjumbe hata mmoja mwezi mzima. Sasa nikiwa na jambo zito nampigia kila mtu kabla, nianze na yule nisiyependa kumpigia.

Nilijifunza pia kuinua mkono. Mwanzoni ilinibidi niandike kwenye kona ya karatasi "uliza", niizungushie duara. Nikisikia neno nisilolijua, nasema sijalielewa. Mara nyingi wengine wawili mezani nao wanashusha pumzi.

Aliyechukua nafasi yangu hakuwa mbaya, na ilinichukua muda kulisema hili. Aliacha watu watoe matoleo bila yeye, akapata wateja ambao mimi ningewaogopa. Miaka mitatu baada ya mimi kutoka, kampuni iliuzwa. Bei ilikuwa nzuri, si ya magazetini lakini nzuri. Nilipata 23 na kidogo katika kila 100, kama ukurasa wa 31 ulivyosema. Nilijua itakuwa hivyo, nikakasirika vilevile.

Jioni ya siku fedha zilipoingia, simu iliita. Alikuwa mwenzangu wa mwanzo, yule wa miezi saba. Asilimia zake 20 nazo zilikuwa zimeyeyuka awamu hadi awamu, zikabaki 9.75. Alinipongeza, akaulizia watoto, akazungukazunguka kidogo.

"Dada," akasema, "naona imeingia chini ya sita. Mimi si nina karibu kumi? Au wamekosea?"

"Hawajakosea. Una ule mkataba niliokutumia ukasaini?"

"Ninao mahali hapa."

"Fungua ukurasa wa 31."

Nikasikia droo ikivutwa, kisha karatasi zikifunuliwa, moja, nyingine, nyingine. Nikangoja. Alisoma kimya kwa muda mrefu.

"Shirikishi," akasema hatimaye. "Mimi nilidhani ni neno zuri."